Mwongozo kamili: kuchukua mfuatano na data ya eksipresheni ya jeni ya binadamu bila kujichanganya (tunatumia HBB)

Maswali ninayotumiwa yanafanana mno. "Nimetafsiri mfuatano wa DNA mbona protini imekatikia njiani?" "Nimeangalia nafasi ya mutesheni nakuta besi (herufi ya DNA) nyingine kabisa." "Mbona jeni ya damu inaonekana kwenye mapafu?" Ukifuatilia unakuta mtu hajakosea kompyuta wala hajakosea baiolojia, amekopi herufi kabla hajajua anakopi herufi za nini. Kwa hiyo humu nitakusumbua sana na namba za utambulisho na vesheni, nivumilie, ukimaliza utaona kwa nini.

Tunatumia HBB, jeni inayotengeneza beta globini, nusu ya himoglobini ya mtu mzima (nusu nyingine ni alfa). Nimeichagua kwa sababu ni fupi, unaweza kuihesabu kwa kidole, halafu ina mitego yote ambayo utaikuta kwenye jeni kubwa.

## Andaa hivi kwanza

- Kompyuta yenye intaneti. Simu inawezekana ila utateseka.
- Programu ya maandishi ya kawaida kabisa, ile isiyo na rangi wala fonti. Sio Word. Word inabadilisha alama, inaongeza nafasi, halafu unakuja kulaumu databesi.
- Saiti tano zikiwa wazi kwenye brauza: NCBI na Ensembl (jeni na mifuatano yake), UniProt (protini), GTEx na Human Protein Atlas (eksipresheni, yaani jeni inafanya kazi kiasi gani kwenye tishu ipi). Zote bure.
- Chombo cha kutafsiri DNA kuwa protini. Mimi natumia Translate ya Expasy, hakuna cha kuinstoli.
- Faili tupu liite "kumbukumbu". Kila namba utakayokutana nayo inaingia humo hapo hapo, sio baadaye.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni jeni yenyewe

Usitafute kwa maneno kama "beta globin" ukachukua jibu la kwanza. HBB ina ndugu zake wamepanga mstari kwenye kromosomu ya 11: HBE1, HBG1, HBG2, HBD, na mmoja anaitwa HBBP1 ambaye jina linafanana sana ila ni jeni mfu, haitengenezi protini. Nimeshaona mtu kafanya kazi nzima kwa HBBP1.

Tafuta kwa alama rasmi, HBB, halafu chagua spishi binadamu. Herufi zote kubwa ni desturi ya jeni za binadamu, kwa panya inakuwa herufi kubwa ya mwanzo tu, na kwa jeni nyingine hata jina linabadilika, mfano TP53 ya binadamu kwa panya inaitwa Trp53.

Andika hizi kwenye kumbukumbu:

- HGNC (kamati inayotoa majina rasmi ya jeni za binadamu): 4827
- NCBI Gene: 3043
- Ensembl: ENSG00000244734
- UniProt: P68871

Umefanikiwa kama: ukiingiza yoyote kati ya hizo nne kwenye saiti yake unafika kwenye HBB ile ile, binadamu, kromosomu ya 11, eneo la 11p15.4. Namba ndo kitambulisho, jina ni la kuitana tu.

## Hatua ya 2: Jenomu gani, na uzi upi

Hapa ndo wanapokwama wengi kuliko mahali pengine popote.

Ramani ya jenomu ya binadamu ina matoleo. Mawili utakayokutana nayo sana ni GRCh37 (wengine wanaiita hg19) na GRCh38 (hg38). Jeni haijahama mwilini, ila namba za nafasi zimebadilika kwa sababu ramani imechorwa upya. Kwenye GRCh38 rekodi ya NCBI inaweka HBB kuanzia 5,225,464 hadi 5,227,071, jumla besi 1,608. Kwenye GRCh37 iko mbele kwa besi elfu 21 na kidogo.

Elfu 21 sio nyingi, na ndo hatari yenyewe. Nafasi ya mutesheni maarufu ya selimundu ni 5,248,232 kwenye GRCh37. Ukiichukua hiyo ukaipachika kwenye GRCh38 hautaanguka jangwani ukashtuka, utaangukia jirani kabisa na HBG1, yaani bado uko kwenye familia ya globini, kila kitu kinaonekana sawa sawa. Mimi binafsi nilipoteza siku mbili hapo, nikiamini kabisa kwamba databesi ndo imekosea.

Kitu cha pili ni uzi. DNA ina nyuzi mbili na ramani inaandikwa kwa uzi wa mbele tu. HBB iko kwenye uzi wa nyuma. Maana yake jeni inaanza kwenye namba kubwa (5,227,071) inaishia kwenye namba ndogo, na ukikopi kipande cha kromosomu kama kilivyo unapata jeni iliyogeuzwa. Hebu angalia, mwanzo wa kodi ya HBB (sehemu inayotafsiriwa kuwa protini) unasomeka hivi:

ATGGTGCATCTG

Kwenye ramani ya uzi wa mbele herufi hizo hizo zinaonekana hivi:

CAGATGCACCAT

Soma ya pili kutoka kulia kwenda kushoto ukibadilisha A kwa T na C kwa G, utaipata ya kwanza. Na angalia ujanja wake, katikati ya ile iliyogeuzwa kuna ATG! Mtu mwenye haraka anaiona ATG anafurahi anaanza kutafsiri hapo hapo, anapata takataka.

Umefanikiwa kama: kumbukumbu yako ina mstari unaosema "GRCh38, kromosomu 11, uzi wa nyuma". Kama hujaandika usiendelee.

## Hatua ya 3: Chagua nakala moja

Jeni moja inaweza kuwa na nakala za mRNA kadhaa (mRNA ni nakala ya jeni ambayo seli inaisoma kutengeneza protini), kwa sababu seli inaweza kuunganisha eksoni, yaani vipande vya jeni vinavyobaki kwenye mRNA, kwa namna tofauti. Ukifungua Ensembl unakutana na jedwali la nakala nyingi, nyingine hazitoi hata protini. Usichague iliyo ndefu zaidi kwa kudhani ndefu ndo kamili, nijuavyo mimi huo ndo mtego wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Tafuta yenye alama ya MANE Select. Hiyo ni nakala moja kwa kila jeni ambayo NCBI na Ensembl wamekubaliana, na mfuatano wake ni ule ule pande zote mbili herufi kwa herufi. Kwa HBB ni:

- NCBI: NM_000518.5
- Ensembl: ENST00000335295.4
- Protini upande wa NCBI: NP_000509.1

Ile nukta na namba mwishoni ni vesheni, sio pambo. NM_000518.4 na NM_000518.5 ni rekodi mbili tofauti, urefu wake haulingani. Ukiandika NM_000518 peke yake, mtu akija kurudia kazi yako baada ya miaka kadhaa hajui ulitumia ipi.

## Hatua ya 4: Pakua mfuatano wa kodi

Fungua NM_000518.5 kwenye NCBI. Utaona rekodi ndefu yenye maelezo juu na herufi chini. Urefu wote ni besi 628. Shuka kwenye maelezo utafute CDS, pameandikwa 51..494. Hiyo ndo sehemu inayotafsiriwa kuwa protini. Besi 50 za mwanzo na 134 za mwisho zipo kwenye mRNA lakini hazitafsiriwi.

Bofya neno CDS, sehemu hiyo itapakwa rangi, halafu chagua FASTA (muundo rahisi wa kuandika mfuatano) ili upate hiyo sehemu tu. Ukikopi moja kwa moja kutoka kwenye ile rekodi ya kwanza utabeba na namba za mistari, 1, 61, 121, zimejichanganya na herufi, na kuna programu zitazila kimya kimya bila kukwambia.

Sevu kwenye faili la maandishi. Mstari wa kwanza unaanza na alama ya > ikifuatiwa na utambulisho. Usiufute! Watu wanaufuta ili faili "lipendeze", kesho yake wana mafaili sita ya herufi tupu hawajui lipi la nini.

Umefanikiwa kama: herufi ni 444 kamili, zinaanza ATG, zinaishia TAA. 444 gawa kwa 3 ni 148, toa kodoni (kundi la herufi tatu) moja ya kusimama, zinabaki asidi amino 147, yaani viungo 147 vya protini. Hesabu isipogawanyika kwa 3 jua umekata vibaya, rudi nyuma.

## Hatua ya 5: Tafsiri, halafu ukague kama askari

Pesti kwenye chombo cha kutafsiri. Kitakupa majibu sita, fremu tatu za mbele na tatu za nyuma (fremu ni herufi unayoanzia kusoma tatu tatu), kwa sababu chenyewe hakijui pa kuanzia. Kama umeweka CDS tupu jibu lako liko fremu ya 1 ya mbele. Kama umeweka mRNA nzima ya besi 628 jibu linahamia fremu ya 3, kwa sababu kodi inaanza besi ya 51. Wengi wanaangalia fremu ya 1 tu, wanaona alama za kusimama kila mahali, wanasema data mbovu.

Protini sahihi inaanza hivi, kila herufi ni asidi amino moja:

MVHLTPEEKSAVTALWGKVNVDEVGGEALGRLLVVYPWTQRF

na inaishia AHKYH. Nenda UniProt P68871 ulinganishe, lazima zifanane zote 147.

Sasa swali la kukatika. Mara nyingi mtu amechukua DNA ya jeni nzima badala ya mRNA, kwa hiyo ndani kuna introni, vipande vya kati ya eksoni ambavyo seli huvikata na kuvitoa. HBB ina eksoni tatu: ya kwanza besi 142, kisha introni ya besi 130, eksoni ya pili 223, introni kubwa ya 850, na eksoni ya mwisho 263. Jumlisha utapata 1,608, ule ule urefu wa jeni tuliouona hatua ya 2. Napenda sana hesabu ikifunga namna hiyo.

Ukitafsiri ukiwa na introni ndani, mwanzo unakwenda vizuri kabisa. MVHLTPEEK safi, GGEALGRL safi, halafu badala ya LVVYPW unapata VSRLQDRF na baada ya mwendo kidogo inasimama. Cha kuudhi ni kwamba kodoni ya 31 imekatwa katikati na mpaka wa eksoni, herufi mbili upande huu na moja upande ule, na herufi ya kwanza ya introni ni G sawa na herufi ya kwanza ya eksoni ya pili. Kwa hiyo R inatokea vizuri hata kama umeshaingia introni, na L inayofuata nayo inatokea kwa bahati tu. Yaani kosa linajificha kodoni mbili kabla ya kujionyesha.

Ukiona LGRLVSRL, introni. Ukiona LGRLLVVY, uko salama.

## Hatua ya 6: Jipime kwa mutesheni ya selimundu

Kabla hujaamini mfuatano wako fanya jaribio hili dogo, linakagua hatua zote za nyuma kwa mkupuo mmoja.

Mutesheni ya selimundu inaandikwa c.20A>T, maana yake besi ya 20 ya CDS imetoka A ikawa T. Hesabu kodoni kwenye faili lako: ATG, GTG, CAT, CTG, ACT, CCT, GAG. Ya saba ni GAG, asidi glutamiki, na besi ya 20 ni ile A ya katikati. Ikigeuka T inakuwa GTG, ambayo ni valini.

Sasa ipeleke kwenye ramani. mRNA inaanza 5,227,071. Toa besi 50 zisizotafsiriwa, A ya ATG inakaa 5,227,021. Besi ya 20 iko hatua 19 mbele, ila kwa kuwa jeni inarudi nyuma unatoa, hauongezi: 5,227,002. Tafuta rs334 (namba ya utambulisho ya mutesheni hii) kwenye Ensembl, GRCh38, utakuta namba hiyo hiyo. Na utakuta imeandikwa T kwenda A sio A kwenda T, usishangae, ni ule uzi wa nyuma tena.

Mwingine atakuuliza mbona vitabu vinasema mabadiliko yako nafasi ya 6 na sio ya 7. Wote wako sahihi. Methionini ya mwanzo hukatwa protini ikishatengenezwa, na zamani walihesabu bila hiyo. Siku hizi tunahesabu kuanzia methionini, ndo maana utaona Glu7Val kwenye databesi na Glu6Val kwenye maandiko ya zamani. Ukichanganya mifumo miwili kwenye ripoti moja umeharibu.

## Hatua ya 7: Eksipresheni

Eksipresheni ni kiasi gani jeni inanakiliwa kuwa mRNA kwenye tishu fulani. Fungua GTEx, tafuta HBB, nenda kwenye mchoro wa tishu. Kipimo ni TPM, yaani katika kila nakala milioni za mRNA kwenye sampuli, ngapi ni za jeni hii. Weka mchoro kwenye skeli ya logi, la sivyo damu itapanda mpaka darini na tishu nyingine zote zitaonekana sifuri.

Andika toleo la GTEx. Toleo la V8 lilikuwa na sampuli 17,382 kutoka kwa watu 948 na tishu 54, yapo na mapya zaidi, na namba hazilingani kati ya toleo na toleo.

Umefanikiwa kama: damu nzima ndo inaongoza, tena kwa mbali sana.

Sasa tulia kidogo kabla ya kuandika chochote, kuna mambo matatu.

*HBB kwenye mapafu.* Utaiona kwenye mapafu, wengu, na tishu kibao. Sababu ya kwanza ya kufikiria ni damu iliyobaki ndani ya kipande cha tishu, kwa sababu sampuli husagwa nzima pamoja na mishipa yake. Namna ya kukagua: fungua HBA1 na HBA2 (jeni za alfa globini) na ALAS2. ALAS2 ni jeni ya seli zinazotengeneza himoglobini. Zote zikipanda na kushuka pamoja na HBB tishu kwa tishu, unachokiona ni damu. Kuna ripoti za himoglobini kwenye baadhi ya seli za mapafu na za ubongo, sibishi, ila data ya tishu iliyosagwa haiwezi kukuthibitishia hilo, inahitaji data ya seli moja moja.

*Uboho uko wapi?* HBB inanakiliwa kwenye seli changa ndani ya uboho wa mifupa, seli nyekundu iliyokomaa haina hata kiini. Kwa nini basi damu inaongoza? Kwa sababu GTEx haina sampuli za uboho, na seli nyekundu changa zinapoingia kwenye damu zinabeba mRNA iliyoshatengenezwa. Ukitaka uboho nenda Human Protein Atlas, ila kule kipimo ni nTPM, imesawazishwa kwa njia yao. Usiweke TPM ya huku na nTPM ya kule kwenye mchoro mmoja. Na GTEx ni watu wazima, kwa hiyo HBG1 na HBG2, ambazo kazi yake kubwa ni kabla ya kuzaliwa, zitaonekana wanyonge.

*HBB inakula keki ya wenzake.* Hili halisemwi vya kutosha. TPM lazima ijumlike milioni moja kwa kila sampuli. Tuseme kwa mfano HBB imechukua laki tano, jeni nyingine zote zinagawana laki tano zilizobaki. Jeni yenye TPM 10 hapo, ukiiondoa HBB kwenye hesabu inakuwa 20, na hakuna kilichobadilika mwilini. Ndo maana kulinganisha TPM ya damu na ya ini kwa jeni nyingine yoyote bila kufikiria globini ni kujidanganya, na ndo maana maabara nyingine huondoa mRNA za globini kwenye sampuli za damu kabla ya kuzisoma. Ukipata data ya damu uliza hilo kwanza: globini zimeondolewa au hazijaondolewa?

## Hatua ya 8: Ukipakua jedwali zima

Faili la GTEx la thamani ya kati (median) ya kila tishu lina mistari miwili ya utangulizi kabla ya vichwa vya safu, programu yako ikishindwa kusoma ruka hiyo miwili. Utambulisho wa Ensembl mle una nukta na vesheni, kwa hiyo ukitafuta ENSG00000244734 kwa kulinganisha neno zima hautaipata, tafuta kwa mwanzo wa neno.

Na tafadhali usifungue kwa Excel kwa kubofya mara mbili. Excel inageuza majina ya jeni kuwa tarehe, SEPT2 inakuwa tarehe 2 Septemba, MARCH1 inakuwa tarehe 1 Machi, na ukishasevu hairudi. Tatizo lilikuwa kubwa mpaka HGNC wakabadilisha majina, mwaka 2020 wakatoa mwongozo, sasa ni SEPTIN2 na MARCHF1, ila mafaili ya zamani bado yapo na majina ya zamani. Ingiza kama data ya nje na useme safu ya majina ni maandishi.

Faili langu la kumbukumbu kwa kazi hii lina mistari mitano tu:

HBB, HGNC 4827, ENSG00000244734
GRCh38, kromosomu 11, uzi wa nyuma
NM_000518.5 / ENST00000335295.4, MANE Select
CDS 51..494, besi 444, protini 147, imelingana na P68871
GTEx V8, TPM, damu nzima, globini hazijaondolewa

Ukikwama, nitumie mistari hiyo mitano kwanza kabla ya skrinishoti.